Okidi ya Chungu: Lini Ihamishwe, na kwa Namna Gani

Okidi iliyochanua hudumu dirishani miezi miwili, pengine mitatu, kisha maua hupukutika yote. Hapo ndipo makosa huanza. Wapo wanaoitupa wakidhani imekufa, na wapo wanaoihamishia siku hiyo hiyo kwenye chungu kikubwa cha udongo mweusi na samadi, kama wafanyavyo kwa waridi. Wa kwanza hupoteza fedha yao bure. Wa pili huuua mmea kwa wema.

Okidi inayouzwa zaidi madukani ni ile yenye majani mapana na maua yanayofanana na vipepeo. Jina lake la kitaalamu ni Phalaenopsis. Asili yake ni misitu ya joto ya Asia, ambako huishi juu ya miti ikiwa imeshikilia gome kwa mizizi, bila kuunyonya mti. Mizizi hiyo huhitaji hewa kama inavyohitaji maji. Ikifukiwa udongoni hukosa pumzi na kuoza.

Ndiyo maana hupandwa katika vipande vya magome, na magome huoza. Kila baada ya miaka miwili hivi hugeuka tope, na mmea huhitaji mapya. Usiuhamishe ukiwa na maua, kwani huenda ukayaangusha. Hata maua yakiisha, tazama kalenda: kwa baridi ya Njombe ya Juni na Julai, mmea huu wa nchi za joto haukui, na jeraha la mzizi halifungi upesi. Subiri Septemba au Oktoba, uonapo jani jipya au ncha ya kijani kwenye mzizi. Makambako kuna joto kidogo zaidi, ila upepo wake hukausha chungu haraka. Chungu kikae ndani, penye mwanga usio wa jua kali.

Magome hatuna haja ya kuyaagiza mbali. Viwanda vya mbao vya mkoa wetu huacha marundo ya magome ya misindano. Chukua makavu, yakate vipande vya ukubwa wa ncha ya kidole gumba, yamwagie maji ya moto na uyaache yalale humo usiku mzima. Changanya na vipande vichache vya mkaa. Unga wa mbao usiutumie. Hushikamana na kuziba hewa.

Mwagilia mmea siku moja kabla, kisha uutoe taratibu na kupukusa magome ya zamani. Mzizi mzima ni mgumu, mweupe au wa kijivu. Uliooza ni wa kahawia na hubonyea kidoleni. Ukate huo kwa wembe uliopitishwa motoni. Chungu kipya kizidi cha awali kidogo tu, na kiwe na matundu chini. Jaza magome katikati ya mizizi bila kushindilia, na shina lisifukiwe. Usimwagilie kwa siku tatu hadi tano ili majeraha yakauke, na mbolea ingoje mwezi mmoja.

Sasa jambo zito zaidi. Wengine, badala ya kununua, huenda kuchimba okidi nyikani. Okidi za uwanda wa Kitulo, wilayani Makete, si za magome wala si za chungu. Huota ardhini kutoka kwenye viazi vidogo, huchanua wakati wa mvua, kisha hujificha chini ya ardhi kiangazi chote. Ukizing'oa, kwa kawaida hufa. Wala mbegu hazitazirudisha haraka: ni laini kama vumbi, hazina akiba ya chakula, na huota pale tu zinapokutana na kuvu wa aina yake.

Viazi hivyo tayari vimechimbwa kwa wingi katika nyanda zetu za juu na kuvushwa hadi Zambia, ambako hupikwa chakula kiitwacho chikanda. Kitulo ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, na kuchimba mmea ndani yake ni kosa kisheria. Anayetaka kuona okidi hizo aende wakati wa mvua, Desemba hadi Machi, azitazame zikiwa mahali pake.