Waya mweupe wa tela

Anayejifungia mwenyewe towba, chuma cha nyuma ya gari cha kuvutia tela, huanza na wasiwasi wa chuma. Amelala uvunguni mwa gari juu ya boksi lililokunjuliwa, kutu inamdondokea machoni, na kichwani ana swali moja tu: hiki kitu kitashika? Kwa kawaida kitashika. Kitakachomnyima usingizi ni nyaya saba nyembamba za kupeleka umeme kwenye tela, hasa ule mweupe.

Lakini kazi ya chuma ndiyo inayotangulia. Towba (jina ambalo likitamkwa haraka gereji husikika kama “toba”, na ukiona baadhi ya kazi zinazopita barabarani utakubali kwamba linafaa) inapaswa kuwa iliyotengenezwa kwa ajili ya aina hiyo ya gari. Mashimo yake hukutana na yale ambayo kiwanda kimeshayaacha kwenye chasisi. Mara nyingi yamezibwa kwa vifuniko vya plastiki, au yamejaa tope la miaka kumi. Bampa likishatolewa, bolti zote huingizwa kwa mkono kwanza, towba ikae sawa, ndipo zikazwe. Towba ya kuunganishwa na chasisi kwa kuchomelea, kwa fundi wa mageti, ni hadithi nyingine. Joto hubadili chuma pembeni mwa mshono, na ufa hupenda kuanzia hapo.

Kila bolti ikaguliwe kichwani. Inayofaa ina chapa ya 8.8. Nane ya kwanza inasema chuma hicho hukatika kikivutwa kwa takriban megapaskali 800. Ya pili inasema kitaanza kurefuka bila kurudi kikifika asilimia 80 ya hapo. Bolti isiyo na namba, ya kununuliwa kwa kupimiwa kilo, haina kazi hapa. Ya milimita 12 yenye chapa hiyo hukazwa kwa spana ya toki hadi nyutoni-mita 80 hivi, isipokuwa kama mtengenezaji wa towba ametaja kipimo kingine, kisha hukaguliwa tena baada ya safari chache, kwa kuwa rangi iliyobanwa katikati husinyaa.

Kuna na mtego wa mpira wa towba, ule wa chuma ambao kikombe cha tela hukaa juu yake. Ule wa kipimo cha Ulaya una kipenyo cha milimita 50. Wa Kimarekani wa inchi mbili una 50.8. Kwa macho ni pacha. Kikombe cha tela kilichochongwa kwa ule mdogo kinaweza kukaa juu ya ule mkubwa, kikaonekana kimefunga, kumbe hakijafunga. Namna ya kujua ni rahisi: ukishaunganisha, inua shingo ya tela kwa jeki mpaka nyuma ya gari nako kuanze kunyanyuka. Kama kikombe kimechomoka, afadhali kimechomokea uani.

Sasa nyaya. Kwenye soketi ya Ulaya ya pini saba, rangi zimepangwa: njano ni indiketa ya kushoto, kijani ya kulia, nyekundu ni breki, kahawia na nyeusi ni taa ndogo za kulia na kushoto, bluu ni taa ya ukungu. Gari nyingi za Kijapani zina indiketa peke yake na breki peke yake, kwa hiyo nyaya zinalingana moja kwa moja. Gari lililoundwa kwa soko la Marekani huweza kutumia balbu moja nyekundu kwa kazi zote mbili, nalo litahitaji kijisanduku cha kuzitenganisha.

Wa saba, mweupe, ndio ethi. Umeme wote uliokwenda kuwasha tela hurudi kwa njia hiyo. Usiku, dereva akikanyaga breki huku ameweka indiketa, balbu mbili za breki za wati 21, moja ya indiketa ya wati 21 na mbili ndogo za wati 5 zinafikisha wati 73: karibu ampea sita katika waya mmoja. Ukiufunga juu ya rangi ya bodi, umeme unakosa pa kurudia na kupenya kwenye balbu nyingine. Ndipo unapoona maajabu: breki inakanyagwa, indiketa zinawaka hafifu, taa ndogo zinazimika. Mwenye gari hubadilisha balbu tatu na fyuzi mbili kabla ya kukumbuka kukwangua rangi ile.

Baya zaidi, kosa hili hujificha. Umeme huweza kurudi kupitia mpira wa towba wenyewe, tela ikawaka vizuri siku ya kwanza, mpaka grisi na vumbi viingie.

Kwa gari za kisasa zenye kompyuta, usigawe waya wa taa ya nyuma. Kompyuta hupima mkondo wa kila balbu, na ikiona umeongezeka hulalamika au huzima. Hapo hufungwa moduli yenye relei, inayochukua umeme wake kutoka betri kupitia fyuzi, na kutumia nyaya za taa kama ishara tu.

Towba imara haiongezi uwezo wa gari. Tangi la lita 1,000 likijaa maji ni tani moja, kabla hujahesabu tangi na tela; likiwa nusu, maji hukimbia mbele na nyuma kila breki ikikanyagwa. Gari nyingi ndogo haziruhusiwi kuvuta hivyo.

Jioni, kabla ya kurudisha bampa, mtoto husimamishwa nyuma ya tela akitaja anachokiona. “Kushoto! Kulia! Breki!” Zote sawa, moja moja. Halafu baba anawasha taa ndogo, anaweka indiketa, anakanyaga breki, vyote kwa pamoja, na kusubiri mtoto aseme tena.