Jambojet: kwa nini jirani yako kalipa nusu ya nauli yako

Watu wa Pwani tuna lalamiko moja kuhusu Jambojet. Aliyekaa dirishani kalipa kidogo, wewe uliye kando yake umelipa mara mbili, na nyote mwashuka Mombasa dakika ile ile. Wengine husema ni ujanja. Mimi naona ni hesabu, ila hesabu yenyewe ina mahali inapotuuma sisi zaidi.

Kampuni hii ni mtoto wa Kenya Airways. Ilianza kuruka tarehe 1 Aprili 2014, kutoka Nairobi kwenda Mombasa, Kisumu na Eldoret, kwa nauli ya kuanzia shilingi 2,850. Haikuwa ya kwanza kujaribu bei nafuu. Fly540 iliitangulia mwaka 2006, na hata jina lake lilitokana na nauli ya Nairobi na Mombasa: shilingi 5,540, kwenda na kurudi.

Unafuu unaanzia kwenye ndege zenyewe. Jambojet ilianza na Boeing 737, kisha ikaziacha ikabaki na aina moja tu, Dash 8-400, yenye viti 78 na injini mbili za mapanga. Kuna abiria wakiyaona yale mapanga hudhani wamepewa ndege kuukuu. Sivyo. Kwa safari ya saa moja hivi, ndege ya namna hiyo hula mafuta machache kuliko jeti, na mafuta ni katika gharama kubwa kabisa. Aina ikiwa moja, rubani yeyote aweza kurusha yoyote, na fundi hahitaji stoo mbili za vipuri. Malindi nao wamefaidika: njia yao ya kurukia haifiki kilomita moja na nusu. Dash 8 hutua hapo bila taabu, na pia Ukunda.

Jambo la pili ni kwamba ndege iliyokaa chini haileti hata senti. Ikitua, abiria wanashuka, wengine wanapanda, inaondoka. Ndiyo maana ikichelewa asubuhi, wa jioni pia mtachelewa, kwa kuwa mwangojea ndege ile ile.

Sasa nauli. Viti huuzwa kwa mafungu. Fungu la bei ya chini likiisha hufunguliwa la juu yake, na hivyo hivyo hadi siku ya safari. Waliopanga hesabu hii walimlenga mfanyabiashara, mtu asiyejua mapema lini atasafiri na ambaye tikiti yake hulipwa na ofisi.

Kwetu anayesafiri ghafla mara nyingi ni mfiwa. Waislamu hatulazi maiti ila kwa dharura. Mzee akifariki Lamu alfajiri, huenda azikwe baada ya adhuhuri au alasiri, na mwanawe aliye Nairobi hana wiki tatu za kuvizia bei. Atanunua kiti cha mwisho, kilicho ghali kuliko vyote, kwa pesa alizochangiwa na jamaa kwenye simu, kisha ashuke Manda avuke kwa boti. Kompyuta haijui kwamba huyu si mfanyabiashara. Imeona tu mtu anayetaka kiti leo hii.

Mambo haya yana dawa, na si ya kubuni. Air Canada na Delta ya Marekani zina nauli ya msiba: mfiwa hutoa maelezo ya aliyefariki, akauziwa tikiti kwa masharti nafuu. Hapa kwetu chifu au imamu wa msikiti aweza kuthibitisha kifo kwa simu moja. Jambojet imetufungulia hata Mombasa na Zanzibar moja kwa moja tangu Julai 2024, kwa hiyo yajua tuna jamaa huku na huku. Viti viwili katika 78, vishikwe hadi saa chache kabla ya safari, kisha viuzwe kama havikuombwa. Wawakilishi wetu wakikutana na wakuu wa kampuni hii, waanze na ombi hilo.