Pakingi Katikati ya Mji: Usalama wa Nani, Gharama ya Nani?

Kubadilisha mpangilio wa maegesho kando ya barabara za mjini ni kugawa upya nafasi isiyoongezeka. Kila mita inayotengewa gari huondolewa kwa mwingine: mwenda kwa miguu, mhudumu wa bodaboda, matatu inayoshusha abiria au mama anayeuza omena. Ndiyo maana mipango ya aina hii huzua upinzani, na katika miji kama Migori na Homa Bay maswali mazito huwa mawili: nani atahatarishwa, na nani atalipa.

Migori imejengwa juu ya barabara kuu ya A1. Malori yanayoingia kutoka Tanzania kupitia Isebania hupita katikati ya mji yakielekea Awendo, Rongo na Kisii, kwenye lami ileile inayotumiwa na wanunuzi na watoto wa shule. Barabara hiyo iko chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Barabara Kuu, KeNHA. Mitaa ya ndani ni ya kaunti, ambayo Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa jukumu la trafiki na maegesho. Kwa hiyo kaunti ikitaka kugusa kingo za A1 ni lazima isikizane na KeNHA, na mwananchi mwenye malalamiko ni lazima kwanza ajue anamlalamikia nani. Homa Bay, iliyo ufuoni mwa Ghuba ya Winam, hupokea magari ya kutoka Rongo, Mbita na Kendu Bay, na samaki na mazao yanayobebwa humo huhitaji mahali pa kupakuliwa karibu na soko.

Hoja ya usalama huanzia kwenye vipimo. Magari yakiegeshwa sambamba na ukingo, takriban 16 hutosha katika mita 100. Yakiegeshwa kimshazari hufika 28 hivi, na yakielekezwa moja kwa moja ukingoni hufika 40. Faida hiyo ina bei. Gari la mshazari humeza mita tano hivi za upana wa barabara, mara mbili ya lile la sambamba, na dereva anapotoka hurudi nyuma bila kuona anayekuja. Anayekuja mara nyingi ni bodaboda, au mtu aliyeshuka barabarani kwa sababu njia ya miguu imezibwa. Nchini Kenya ajali za barabarani huua zaidi ya watu 4,000 kwa mwaka, na wengi kuliko kundi lingine lolote ni wenda kwa miguu. Kuna nafuu: dereva akiingia kinyumenyume, hutoka akitazama mbele.

Gharama nayo ina sura kadhaa. Ipo ya ujenzi: mitaro, kingo, rangi na taa. Mradi wa Kuimarisha Miji Kenya, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2017, ulifadhili kazi za namna hiyo katika kaunti 45, yaani zote isipokuwa Nairobi na Mombasa. Ipo hasara ya wachuuzi wanaohamishwa na maduka yanayokosa wateja barabara inapochimbwa. Mwisho ipo ada ya kila siku. Desemba 2019 ada ya kuegesha katikati ya Nairobi ilipandishwa kutoka shilingi 200 hadi 400. Shirikisho la watumiaji bidhaa, COFEK, likaenda Mahakama Kuu na nyongeza hiyo ikasimamishwa.

Si kila hoja ya wapinzani ina uzito sawa. Wenye maduka huogopa kwamba nafasi zikipungua wateja watapungua, ilhali nafasi iliyokaliwa tangu alfajiri na gari la mwenye duka mwenyewe haimleti mteja hata mmoja. Ada ya wastani au kikomo cha saa huzifanya nafasi chache zihudumie wengi.

Sheria inawapa wakazi mahali pa kusemea. Katiba inataka ada yoyote itozwe kwa mujibu wa sheria, na Kifungu cha 196 kinalibana bunge la kaunti lishirikishe umma katika kazi zake. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaongeza haki ya kuwasilisha ombi rasmi. Aprili 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013 kwa kuwa wakazi hawakushirikishwa ipasavyo. Jaji alitaja makanisa, misikiti, mabaraza na redio za lugha za mama kuwa njia za kuwafikia watu. Kwa Migori na Homa Bay, hiyo ina maana kwamba mchoro wa barabara, makadirio ya gharama na ada inayopendekezwa vinapaswa kutangazwa kwa lugha zinazosemwa sokoni, Kijaluo na Kikuria zikiwemo, kabla zabuni haijatolewa, wakati ambapo kuhamisha mstari bado ni kazi ya kalamu.