Bustani Isiyomfungia Mgeni Mlango

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Mama zangu, dada zangu na ndugu zangu, Sura ya Al-Qalam inatusimulia habari za wenye shamba walioapa kuvuna asubuhi na mapema, wakinong'onezana ili maskini asipate kuwaingilia. Walipofika wakalikuta limekwisha kuteketea. Si ukame uliowafikisha hapo, bali nia ya kumzuia mwenye haja.

Kinyume chao ni Sahaba Abu Talha (R.A.). Bustani yake aliyoipenda kuliko mali zake zote, Bairuha, ilielekeana na msikiti wa Madina, na Mtume (S.A.W.) alikuwa akiingia humo na kunywa maji yake matamu. Ilipoteremka aya ya kutoa katika tuvipendavyo, akaitoa sadaka, naye Mtume akamshauri awagawie jamaa zake.

Swali la bustani na mgeni liko hai leo huko Gilgil, katika Kaunti ya Nakuru. Hapo ndipo ilipo taasisi ya Seed Savers Network, iliyoasisiwa mwaka 2009 na Daniel Wanjama, ambayo huhifadhi mbegu za asili na kuwafunza wakulima wadogo kuzitunza. Mbegu za namna hiyo ndizo uti wa mgongo wa kilimo kiitwacho pamakalcha, jina lililoenezwa na Waaustralia wawili, Bill Mollison na David Holmgren, katika kitabu chao cha mwaka 1978. Misingi yake haitushangazi sisi wa pwani: udongo usiachwe uchi, taka za jikoni zirudi shambani zikiwa mboji, maji ya mvua yakingwe yasipotee, na mimea mbalimbali isaidiane. Bibi zetu waliopanda kunde na muhogo chini ya minazi waliijua hekima hiyo kabla haijapewa jina.

Lakini mgeni aliyefunguliwa lango anaruhusiwa kuondoka na nini? Sheria ya mbegu ya Kenya, iliyorekebishwa mwaka 2012, ilifanya kuuza au kubadilishana mbegu zisizosajiliwa kuwa kosa la jinai, na adhabu yake iliweza kufikia faini ya shilingi milioni 1, kifungo cha miaka 2, au vyote viwili. Mwaka 2022 wakulima wadogo 15 walikwenda mahakamani, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos ikavibatilisha vifungu hivyo. Konzi ya mbegu anayopewa jirani ikarudi kuwa hisani.

Hata hivyo, mbegu iliyozoea baridi ya Gilgil, kwenye mwinuko wa kama mita 2,000, huenda isistawi katika joto la Mombasa. Kilicho bora kubeba ni elimu: kuuacha mmea ulio bora ukomae, kuanika mbegu kivulini, na kuzihifadhi mahali pakavu. Elimu hiyo tuitumie kwa mchicha wetu, kunde zetu, na mnavu ambao ndugu zetu wa bara huuita managu.

Familia inayotaka kufungua bustani yake ikumbuke kwamba bustani hiyo ndiyo jiko lake. Wageni waje kwa miadi, na njia yao isikatize uani penye sitara ya wanawake. Vijia viwekewe alama, kwani udongo ukikanyagwa hushikamana na mizizi hukosa hewa. Kutoza kiingilio au kuuza miche ni halali, mradi bei ijulikane mapema. Na itengwe siku moja kwa asiye na kitu, ili tusifanane na wale wa Al-Qalam.

Na mgeni naye ana adabu zake. Abishe hodi na atoe salamu, kama Sura ya An-Nur inavyofunza. Asichume bila idhini. Awashike watoto mkono. Na afute matope viatuni, maana maradhi ya mimea husafiri na udongo.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba akilacho mtu, ndege au mnyama katika alichopanda Muislamu huandikwa sadaka. Basi mwenye hata tuta moja la mchicha nyuma ya nyumba, amwite jirani aje aone, na asimwache arudi mikono mitupu.

Wallahu a'lam.