Adabu za Ugeni Mjini Kalemie

Mtu atokaye mwambao wa bahari akahamia Kalemie, katika ufuo wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, hujidhania kwa siku za mwanzo kwamba hakuhama mbali, kwa kuwa asikia Kiswahili sokoni na vibarazani, aona vyombo vimefungwa ufuoni, anusa dagaa walioanikwa, na jua la adhuhuri humchoma kama lilivyokuwa likimchoma Tanga au Bagamoyo. Lakini ifikapo Juni na Julai, upepo wa kusini ukivuma usiku kucha juu ya maji yaliyo mita 773 kutoka usawa wa bahari, hutafuta blanketi ambalo hakulifunga katika mizigo yake, na asubuhi jirani humwuliza kwa upole kama alilala vema, ilhali alimsikia akikohoa. Wala jirani huyo hakuuliza kwa kutaka habari ya kikohozi. Aliuliza kwa sababu mgeni wa mtaani ni amana, na amana sharti itazamwe kila alfajiri kama ingali salama.

Swali ambalo mhamiaji huulizwa hapa kabla ya jina lake na kabila lake ni hili: nani amekupokea? Asiye na jibu hutazamwa kwa huruma, kisha kwa shaka. Mwenye jibu, hata kama mwenyeji wake ni fundi cherehani wa mtaa wa Kataki asiye na mali, hupewa kiti na maji ya kunywa, na sokoni hutajiwa bei iliyo karibu na haki. Mwenyeji ni mdhamini. Mgeni akikopa, mwenyeji huarifiwa. Akiugua, mwenyeji ndiye ampelekaye hospitali na kumpikia huko. Akigombana na mtu, wazee humwendea mwenyeji, kana kwamba mgeni mwenyewe hajapewa kinywa. Sisi watu wa pwani tumezoea kumkirimu mgeni siku mbili na ya tatu kumpa jembe. Watu wa Kalemie jembe hulitoa mapema, pengine siku ya kwanza, maana hawana tabia ya kumwacha mtu mzima akae bure. Lakini udhamini hauishi, na nimewajua watu waliokwisha kujenga nyumba, wakaoza na mabinti, ambao bado hutajwa kwa jina la yule aliyewapokea gatini.

Sababu ya desturi hii, kwa nionavyo mimi, ni ya zamani kuliko mji wenyewe. Wengi waandikao habari za Kalemie huanza na ngome aliyoijenga Kapteni Jacques, Mbelgiji, mwishoni mwa mwaka 1891, akaipa jina la Albertville, kana kwamba kabla yake pwani hii ilikuwa maji na nyasi tu. Nami sioni haki katika mwanzo huo. Ng'ambo hii, ambayo wafanyabiashara wa Ujiji waliiita Uguha, ndiyo iliyopokea misafara iliyovuka ziwa kwenda Manyema kutafuta pembe, na, ni lazima isemwe, kutafuta watu wa kuuza. Mwezi wa Machi 1858 Mwingereza Speke, alipomwacha mwenziwe Burton mgonjwa Ujiji, alivuka kwa mtumbwi hata kisiwa cha Kasenge kumwomba Sheikh Hamed bin Sulayyim jahazi lake. Njiani tufani iliangusha hema, na alipowasha mshumaa apate kupanga vitu vyake, wadudu wakajaa, mmoja akamwingia sikioni, naye katika kumchokoa kwa kisu akajitia jeraha lililomfanya kiziwi wa sikio hilo kwa muda mrefu. Sheikh alimkaribisha kwa hisani, akampa nyumba ya kulala. Lakini jahazi Speke hakulipata. Hata leo ndivyo ilivyo katika pwani hii: nyumba mgeni hupewa upesi, na chombo hupewa kwa taratibu.

Baada ya ngome ilikuja reli ya kutoka Kabalo, iliyokamilika mwaka 1915, ya kilomita 273, kwa makusudi ya kuliunganisha ziwa na mto Lualaba. Nayo ilileta makarani kutoka Kasai, mafundi kutoka kusini, maaskari kutoka kila upande, na baadaye vibarua wa kiwanda cha nguo cha Filtisaf, ambacho mashine zake zimekwisha kunyamaza ijapokuwa jina lake lingali likitumiwa kuelekezana njia. Wabelgiji walikaa katika nyumba zao mlimani, wakajitenga na mitaa ya wenyeji, na kwa sababu hiyo hawakuacha desturi ya ugeni. Waliacha ngazi za mawe na miembe. Wenye nchi, yaani Watumbwe na Waholoholo, pamoja na Watabwa wa kusini, Waluba wa bara na Wabembe wa kaskazini, walijikuta katika mji mmoja ambao hakuna kabila liwezalo kuwaambia wengine wote kwamba wao ni wageni bila kuulizwa babu yake alifika kwa mtumbwi gani.

Siku ya Kalemie huanza majini. Usiku usio na mwezi wavuvi hutoka na taa, na mtu akisimama katika kilima huona taa hizo zimetandaa mbali. Dagaa huifuata nuru, migebuka huwafuata dagaa, na alfajiri vyombo hurudi ambapo wanawake wamekwisha kungoja na mabeseni yao. Mwezi ukiwa mpevu kazi hulala, nyavu hushonwa, madeni huhesabiwa, na wavuvi huonekana mchana mjini wamevaa mashati safi. Mhamiaji huchukua muda kufahamu kwamba kalenda ya matumizi ya nyumbani hufuata mwezi wa mbinguni, si mwezi wa mshahara: kuna juma la samaki na kuna juma la maharage, na mke wa nyumba asiyelihesabu hilo hupata aibu mbele ya wageni.

Chakula chenyewe ni bukari, ndio ugali wetu, aghalabu wa unga wa mihogo iliyolowekwa hata ikalainika, ikaanikwa na kutwangwa. Una harufu ambayo mtu wa pwani huitilia mashaka, kisha huikosa akiwa safarini. Huliwa kwa sombe, yaani kisamvu, kilichopikwa kwa mawese na karanga, au kwa samaki, na akipatikana yule aitwaye kuhe, wazee hupewa kichwa. Maji ya kunawa huletwa na mtoto, ambaye huinama kidogo kwa goti na kumiminia mikono kwa kufuata umri. Naye apokeapo kitu kutoka kwa mkubwa hukipokea kwa mikono miwili. Mgeni anayepokea kwa mkono mmoja haonywi. Watoto tu hutazamana.

Salamu nazo zataka wasaa. Mtu mmoja aliye mkubwa husalimiwa kwa wingi, "Jambo yenu, baba, mulilala muzuri?", naye hujibu kwa wingi vilevile, kwa maana nyuma yake wanadhaniwa wamesimama wote wa nyumbani kwake. Mwanamke mzima haitwi kwa jina lake, ila kwa jina la mwanawe wa kwanza. Kaka au dada aliyemtangulia mtu ni yaya, naye hatajwi kwa jina tupu hata akiwa amemzidi kwa mwaka mmoja. Nimeona wageni wenye haraka wakiingia dukani na kutaja haja yao kabla ya salamu. Huuziwa, lakini huuziwa kwa kimya, na kimya hicho gharama yake huonekana siku ya pili.

Jambo lililo zito kuliko hayo, na ambalo mhamiaji hulielewa kwa taabu, ni hesabu ya ukoo. Kwa Watabwa mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli juu ya ndoa na urithi. Kwa Waluba walio wengi ukoo hufuata baba. Na kwa kuwa watu hawa wameoana kwa miaka mingi katika mji huu, baraza la posa laweza kuendelea hata machweo, wajomba wa upande mmoja wakijadiliana na maami wa upande wa pili, kila mmoja akijiona ndiye mwenye mtoto. Mgeni hawekwi nje ya hesabu hiyo. Mwenyeji wangu alipoamua kuniita mdogo wake, watoto wake walipata baba mdogo, mkewe akapata shemeji wa kumtania, na mama mkwe wake akawa mtu ambaye sina budi kumpisha njiani, nikiangalia chini, wala nisile mbele yake. Nilidhani haya hiyo ni mchezo hadi nilipohudhuria kilio, kama wanavyoyaita matanga, na kuona kila mtu akijua pa kukaa, nani wa kupika, nani wa kuchimba kaburi, na mtani wa kuwachekesha wafiwa bila kulaumiwa. Mimi nami nikaelekezwa mahali pangu bila mtu kufikiri mara mbili. Pwani ningalikaa na wageni.

Maji hulisha mji huu na maji huuadhibu. Ziwa lenye kina kinachofikia mita 1,470 lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni mto Lukuga, upitao papa hapa Kalemie kwenda Lualaba, kisha Kongo, hata bahari ya magharibi. Mvua zikizidi, mlango huo hautoshi, na mwaka 2024 maji yalipanda yakaingia katika nyumba za karibu na ufuo. Masika huleta pia kipindupindu, ambacho ni adui wa miaka yote hapa, kwa hiyo katika nyumba yenye murua maji ya kunywa huchemshwa au hutiwa dawa, na mgeni hufundishwa hilo siku hiyo hiyo afikayo, kabla hajaonyeshwa msala. Waliofurikiwa walikwenda kwa wenyeji wao. Kadhalika walifanya waliokimbia vita vya bara, vya Waluba na Watwa vilivyoanza mwaka 2013, maadamu walikuwa na jamaa mjini. Wasiokuwa na jamaa ndio waliojaa makambini. Hapo ndipo desturi hii ilipoonyesha mpaka wake, kwani ukarimu unaotaka mtu awe na mpokezi humwacha nje yule asiye na wa kumpokea, nao wenyeji wa Kalemie wenyewe husema hivyo bila kujitetea.

Kusafiri kutoka hapa ni kazi ya subira. Barabara za bara masika huziharibu, na watu husukuma kinga, yaani baiskeli, zilizopakiwa makaa na mihogo kwa masafa ambayo gari lingeyakataa. Treni ya Kabalo huondoka siku itakapoondoka. Abiria mwenye akili huchukua godoro, mbabula, ambayo ni seredani ya huku, na makaa ya kuwashia, kwa kuwa katika vituo vya Niemba na Nyunzu atanunua mihogo, ndizi na karanga dirishani, lakini moto hauuzwi. Ziwani zipo boti za mbao ziendazo Moba kusini, Uvira kaskazini, na Kigoma ng'ambo, zikirudi na saruji, sabuni na magodoro. Msafiri wa Kigoma hudaiwa cheti chake cha chanjo ya homa ya manjano, hukumbushwa kwamba saa ya Kigoma hutangulia ya Kalemie kwa saa moja, kisha hukaa juu ya magunia kungoja upepo utulie. Nahodha akisema "leo," watu huenda nyumbani kulala. Zamani wavukaji waliopita Rasi ya Kabogo walitupa ushanga majini ili kuuridhisha mzimu wake; siku hizi husomwa dua, na Mkristo na Mwislamu kila mmoja huitikia amina ya mwenziwe, kwani tufani haibagui abiria.

Lakini sehemu kubwa ya safari hufanyika siku ya kuamkia, nyumbani, habari ikishaenea kwamba fulani anavuka. Huja mama mmoja na furushi la dagaa kwa ajili ya dada yake, mwingine na bahasha ya fedha, mzee na dawa ya mizizi, kijana na simu mbovu itengenezwe Kigoma. Kila kitu hufunguliwa mbele ya msafiri akione, kisha hufungwa tena, kwa sababu maofisa wa gatini watamwuliza yeye. Ujira hautajwi, wala si adabu kuutaja. Kukataa kwaruhusiwa kwa uzito tu, kamwe si kwa uvivu. Akishuka ng'ambo, sharti afikishe amana za watu kabla ya kufungua mzigo wake, na yule aliyepelekewa ana wajibu wa kumlisha na kumpa pa kulala. Na ndiyo maana mtu wa Kalemie asiyemjua yeyote Kigoma huzunguka mtaani siku ya kuamkia safari akiuliza kama hakuna mwenye furushi la kupeleka, na hupata, na kwa furushi hilo hupata mwenyeji.