Mwanasaikolojia si daktari wa wendawazimu

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Miaka kadhaa iliyopita, mwanafunzi wangu mmoja wa fonolojia, kijana hodari aliyezoea kuketi safu ya mbele, alianza kukosa mihadhara. Alipofika ofisini mwangu alikuwa amekonda. Aliniambia kwamba halali usiku na kwamba vitabu havimwingii tena. Nilimshauri amwone mwanasaikolojia. Alinitazama kwa mshangao, akauliza: "Kwani, mwalimu, unaniona nina wazimu?"

Nilikosa jibu, nikamwambia ajikaze. Muhula uliofuata hakurudi.

Swali lile limenikera hadi leo, hasa kwa kuwa lugha ndiyo kazi yangu. Katika mazungumzo yetu, kila anayeshughulikia nafsi ya binadamu huitwa daktari wa vichaa, na jina la Mathari, hospitali iliyoanza mwaka wa 1910, tumeligeuza tusi. Ni nani basi atakayekwenda kwa hiari yake?

Yafaa tutofautishe. Daktari wa magonjwa ya akili husomea udaktari kwanza, kisha akabobea katika maradhi hayo. Huyo huweza kuagiza dawa. Mwanasaikolojia husomea fikra, hisia na mienendo ya watu, na hapa kwetu hatoi dawa. Humsikiliza mtu kwa faragha, aghalabu kwa muda usiozidi saa moja, akamwuliza maswali, pengine akampima kumbukumbu au kiwango cha wasiwasi. Kisha hukutana naye tena na tena, wakichunguza fikra zinazomkwaza na kufanya mazoezi ya kuzibadili. Wengi wanaomwendea si wendawazimu hata kidogo: ni wafiwa, waliokosa usingizi, wanaoogopa mitihani.

Atapatikana wapi? Mwanafunzi na aanze katika idara ya ushauri nasaha shuleni au chuoni. Mwingine aulize katika hospitali kuu ya kaunti yake. Sheria ya mwaka wa 2014 iliunda bodi ya kuwasajili washauri nasaha na wanasaikolojia. Kwa hivyo, usione haya kumwuliza mtaalamu kama amesajiliwa, amesomea nini na hutoza kiasi gani. Mwulize pia kuhusu siri: kwa kawaida huitunza, isipokuwa uhai wa mtu ukiwa hatarini.

Nanyi walimu wenzangu, tangu viboko vilipopigwa marufuku mwaka wa 2001, shule zimeutegemea zaidi ushauri nasaha. Hata hivyo, mwalimu mshauri hawi mwanasaikolojia kwa kupewa cheo. Wajibu wake mkubwa ni kutambua dalili mapema: alama zinazoporomoka, usingizi darasani, mtoto anayejitenga na wenzake kwa majuma. Akishaziona, ampeleke kwa aliyehitimu.

Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu kilichomhesabu mhalifu mtu aliyejaribu kujiua kinakiuka Katiba. Ikiwa mahakama imeweza kuacha kumwita mgonjwa mhalifu, sisi tunashindwaje kuacha kumwita mwenye huzuni kichaa?

Kijana yule angerudi leo, nisingemwambia ajikaze. Ningemjibu kwamba hana wazimu bali ana mzigo, kisha ningefunga ofisi na kumsindikiza hadi mlangoni pa mtaalamu.