Kasa Hawapandi Tena Timbwani

Mafuta ya kasa nimeyanywa. Sisemi kwa fahari. Utotoni mwangu hapa Timbwani, Likoni, mtoto akibanwa na kifua alinyweshwa kijiko cha mafuta hayo, na harufu yake hata leo naijua. Mayai nayo tulikwenda kuyafukua asubuhi kwa kufuata mburuzo wa kasa mchangani. Hifadhi ya wanyama tuliisikia redioni, lakini wanyama wenyewe walikuwa ndovu na simba wa Tsavo. Nani kwetu aliyekuwa na haja ya simba?

Juzi, baada ya sala ya alfajiri, niliteremka ufuoni nikamkuta mzee mmoja mvuvi akishona nyavu zake. Baada ya salamu nikamuuliza, "Mzee wangu, kasa bado wapanda?"

"Wapande wapi, mwanangu, na taa hizi?"

Naam. Kasa jike hukimbia ufuo wenye taa, na vitoto vyake vikianguliwa hufuata mwanga, vikaelekea nyumba badala ya bahari. Jike hutaga mayai mia na zaidi kwa mara moja, lakini huchukua miaka 20 au zaidi kabla ya kutaga mara ya kwanza, kisha hurudi pwani za kwao alikozaliwa. Piga hesabu mwenyewe: mayai tuliyoyala sisi ndiyo mama tunaowangoja leo.

Sheria ipo, ile ya wanyamapori ya mwaka 2013 inamlinda kasa katika Kenya nzima. Lakini sheria haikai barazani ikanywa kahawa na watu. Wenzetu wa Pemba walijaribu njia nyingine. Kisiwa cha Misali, ambacho hadithi za wazee zasema Nabii Khidhri alikifanya mswala wake, kiliwekwa chini ya hifadhi mwaka 1998, na baadaye masheikh wakaitwa wawafundishe wavuvi kwa Kurani kwamba bahari ni amana. Hilo ni neno tulilolijua tangu chuoni. Nani asiyemkumbuka yule ndege ambaye Masahaba walimtwalia makinda yake, na Mtume (S.A.W.) akaamuru arudishiwe?

Na huko huko Pemba, kisiwani Panza, Machi 2024, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki kwa kula nyama ya kasa. Sumu yake haitoki kwa kupikwa. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Nikikumbuka kile kijiko, mwili hunisisimka.

Nimemwendea imamu wa mtaa wetu nikamsihi aitaje habari hii katika hutuba ya Ijumaa. Ameniambia nimwandikie, ataitazama. Nimempelekea kurasa mbili.

Nilipomweleza yule mzee, alicheka hata sindano ikamponyoka.

"Basi mwambie aanze na ile taa ya mnara wake iliyoelekea baharini."